Mkaguzi Aliyejua Mapafu kwa Vidole

Maini aliyatazama. Figo alizitazama. Matumbo aliyatazama, akayanusa, akakunja uso. Mapafu tu ndiyo aliyoyakagua macho yakiwa yamefumbwa. Aliyashika kidole gumba kikiwa juu na vingine vinne chini, akabonyeza polepole kuanzia ncha ya juu hadi ukingo wa chini. Midomo ikimchezacheza hivyo, mara ya kwanza nilidhani anaomba.

"Unaombea mbuzi, Madam?"

"Nasikiliza," akasema bila kufumbua macho. "Na wewe ukinyamaza nitasikia."

Hapo ni kichinjio cha mbuzi cha Ishiara, asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma mabati. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, nimefika na ndoo tupu na barua ya chuo kuomba mapafu. Sikumwamini hata kidogo. Mimi huwa simwamini mtu haraka. Shangazi yangu husema kwamba siku niliyobatizwa, nikiwa na miaka minane, nilimtazama mchungaji kana kwamba nataka kuona cheti chake kwanza.

Wachinjaji walimwita Daktari. Hakuwa daktari, alikuwa mkaguzi wa nyama, na hakujisumbua kuwasahihisha. Mimi niliyekuja na barua ndiye niliyeambiwa ukweli. Nitamwita Mkaguzi, kwa sababu ndiyo kazi niliyomjua nayo, na kwa sababu najua asingependa jina lake litajwe pamoja na mapafu ya mbuzi. Yeye aliniita Maswali tangu siku hiyo ya kwanza. Alipojua natoka upande wa Meru akaongeza, "Maswali wa miraa." Nami nikamwambia watu wa Mbeere hawana haki ya kumcheka mtu wa miraa wakati wao wanatafuna muguka, miraa ya majani, kama mbuzi hawa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Baada ya kicheko alikohoa kidogo, kikohozi kikavu kifupi, kama mtu anayebisha mlango asiotaka ufunguliwe. Wakati huo sikukitilia maanani.

Hakuwa mtu wa kubembelezwa. Kulikuwa na mchinjaji mmoja wa kofia nyekundu, mwenye maneno mengi, ambaye kila akikataliwa kitu alianza kesi.

"Daktari, aki hurumia. Hiyo ni alama kidogo tu. Hata mimi niko na alama."

"Na wewe ningekuwa nimekuchinja ningekutupa."

"Lakini mbuzi alikuwa mzima! Alikuja akitembea!"

"Hata wewe ulikuja ukitembea."

Kisha kisu chake kikapita, pafu likaenda shimoni, na yule wa kofia nyekundu akabaki akiwaambia wenzake kwamba huyu mama angekuwa hakimu, jela zote zingejaa. Wakati wa chai, huyohuyo ndiye aliyemletea kiti.

Mkaguzi hakula nyama ya mbuzi. Ishiara nzima ilikula nyama aliyoipitisha yeye, na yeye akala maharagwe. Nilipomuuliza sababu alisema kwamba mtu akishajua ndani ya kila nyumba mtaani, hapati tena pa kwenda kutembea. Siku nyingine aliniambia ni meno. Siku ya tatu alisema hakuwahi kuipenda tangu utotoni. Nilimwonyesha kwamba majibu matatu hayapatani. Akasema, "Chagua moja, umeze."

Alikuwa na misemo yake, mingine mizuri, mingine ya uongo mtupu. Aliamini upepo wa asubuhi ndio unaoleta homa ya mapafu, na kwamba mtoto mwenye kifua akinyweshwa supu ya mapafu atapona. Tulibishana juu ya hilo mara nyingi, na hakuna siku niliyoshinda. Lakini kulikuwa na msemo mmoja ambao niliusikia wiki ile ya kwanza nikauona ni wa kuchekesha tu. Alikuwa ameshika pafu la mbuzi aliyewahi kuugua homa ya mapafu akapona, mbuzi mnene, mwenye afya, na bado akalikata sehemu akaitupa. Nikauliza kwa nini aitupe na ugonjwa umekwisha.

"Ugonjwa ni mpangaji," akasema. "Akihama, misumari inabaki ukutani."

Sasa lazima nieleze ndoo yangu. Mapafu si mfuko wa hewa, ni seli nyingi mno zilizokaa juu ya wavu. Wavu huo umesukwa na seli zenyewe kwa nyuzi tofauti: kuna kolajeni inayotia nguvu, kuna elastini inayovutika na kurudi mtu anapopumua, kuna laminini inayokaa kama mkeka ambapo seli hushikilia. Mhadhiri wetu alitufundisha kwamba seli husoma wavu huo. Inapima ugumu wake, inapapasa mahali pa kushika, halafu ndipo inapoamua itakaa vipi na itafanya kazi gani. Mimi nilikataa. Seli ina maagizo yake yote ndani ya kiini chake, ya nini kwenda kuuliza mkeka? Mhadhiri, aliyekuwa amechoka nami, akasema basi hilo ndilo litakuwa somo la mradi wangu. Nitaosha mapafu ya mbuzi mpaka isibaki seli hata moja, ubaki wavu mtupu. Kisha nitaweka seli mpya juu yake, nione kama zitajali.

"Kwa hivyo unafua mapafu," Mkaguzi alisema nilipomweleza.

"Ndiyo, Madam. Nayatia mpira kwenye koromeo, napitisha maji ya sabuni siku kadhaa. Yanakuwa meupe kabisa, unaona taa upande wa pili."

"Mama yako anajua hii ndiyo kazi ulienda kusomea?"

Alinipa mawili. Aliyabonyeza yote, macho yakiwa yamefumbwa, akafunga uzi mweusi kwenye moja. "Hili ni zima. Hili la uzi lilishaugua. Ulitumie ukitaka kuona tofauti, lakini usiyachanganye."

Nililitazama lile la uzi. Lilikuwa la rangi ya waridi, zuri kuliko lenzake. Sikuona kovu. Nilimshukuru, na nilipofika maabara nikakata ule uzi nikautupa, kwa sababu vidole si kipimo na sikuwa tayari kuandika kwenye daftari la chuo kwamba mama mmoja wa Ishiara amesikia kitu. Lililokuwa na uzi nikalitia chombo cha pili, na kwenye vyombo vyote viwili nikaandika: zima.

Hilo ndilo kosa langu, nami nililitunza vizuri. Nyavu zote mbili zilitoka nyeupe, laini, mithili ya pazia la harusi lililoloweshwa. Nilizikata vipande vyembamba, nikachukua seli za mbuzi mmoja, nikazigawa nusu kwa nusu, nikaziweka juu. Kwenye wavu mmoja seli zilitulia. Zilishika kila moja mahali pake na kukaa kimya. Kwenye wavu wa pili zilijinyoosha ndefu kama watu wanaovuta kamba, zikaanza kusuka nyuzi juu ya nyuzi, bila kukoma, kana kwamba kuna kidonda cha kuziba. Hapakuwa na kidonda wala ugonjwa. Palikuwa na wavu tu.

Nililaumu sabuni. Nikalaumu kabati la joto la kukuzia seli, nikalaumu stima iliyopotea Jumanne, nikamlaumu na mfagiaji, ambaye hata ufunguo hakuwa nao. Nikarudia kwa vipande vingine vya mapafu yaleyale. Mambo yakawa yaleyale. Ndipo nikarudi Ishiara na uso wangu chini.

"Lile lenye uzi ndilo limekusumbua," Mkaguzi alisema kabla sijamaliza.

"Uzi niliutoa."

"Uliutoa?"

"Niliona ni... sikuamini, Madam."

Akamgeukia yule wa kofia nyekundu. "Umesikia? Huyu amesoma mpaka mwisho, na uzi umemshinda."

Ningekuwa mtu wa kawaida ningeomba msamaha hapo. Mimi niliomba jaribio. Wachinjaji walilipenda jambo hilo kuliko mimi. Walimfunga macho kwa kitambaa, wakapanga mapafu ya asubuhi hiyo kwenye meza, wakayachanganya, wakayachanganya tena, na yule wa kofia nyekundu akaiga sauti ya mtangazaji wa mpira. Mkaguzi akapita moja baada ya jingine. Zima. Zima. Hili lilikohoa sana, hapa chini, weka kidole hapa, Maswali, sikia linavyokataa. Niliweka kidole. Kulikuwa na sehemu ndogo, pana kama ukucha, ambayo haikurudi ilipobonyezwa. Nilipolipasua, kovu lilikuwa pale ndani, jeupe. Wakapiga makofi. Akafika kwa pafu la mwisho, akalibonyeza muda mrefu, akalirudia.

"Hili sijui," akasema.

"Daktari, sema tu kitu!" mmoja akapiga kelele.

"Nimesema sijui. Mnataka nidanganye mbele ya mtoto wa watu?"

Hiyo "sijui" ndiyo iliyonishika. Yale mengine yote mtu angeweza kubahatisha.

Tangu hapo nikawa namtembelea hata bila ndoo. Nyumbani kwake si mbali na soko, na ndiko nilikoona mambo ambayo hayakupatana na mwanamke yule wa koti jeupe. Kichinjioni hakuruhusu mtu kuvuta sigara hata nje ya ua, kwamba moshi unaingia kwenye nyama. Jikoni mwake hamkuwa na dirisha. Kilikuwa chumba cha udongo, mafiga matatu, kuni za mgunga, na juu ya moto, kwenye uchaga mweusi kama lami, mbegu zake: masuke ya mtama, mahindi yaliyofungwa kwa maganda, kunde ndani ya vibuyu. Hivyo ndivyo mamake alivyotunza mbegu. Moshi hufukuza dumuzi, na mwaka ambao mvua inakuja mara moja tu, mtu asiye na mbegu nzuri huwa mwombaji.

"Dudu haliwezi kuishi humu," alinieleza kwa fahari.

"Hata mimi," nikasema, machozi yakinitoka.

Mwanawe alikuwa amemnunulia jiko la gesi. Lilikaa sebuleni, limefunikwa kitambaa cha kufumwa, na juu yake palikuwa na redio.

Nikaanza kukisikiliza kile kikohozi. Kilikuja alipocheka, kilikuja alipopanda kale kamlima kafupi kutoka kisimani, na siku moja nikagundua kwamba anasimama katikati ya kilima akijifanya anatazama ng'ombe wa jirani. Mimi, niliyetumia miezi nikitazama seli zikisuka makovu kwenye kisahani, nilianza kuogopa kwamba ndani ya kifua chake kulikuwa na kitu ambacho yeye mwenyewe angekitupa shimoni. Nikamwambia aende hospitali akapigwe picha ya kifua.

"Mkaguzi ni mimi," akasema.

"Hujikagui, Madam."

"Wewe si uliniambia mapafu yana seli mpya? Za zamani zikifa zinakuja zingine. Si ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi zitakuja. Kunywa chai."

Kubishana naye hakukusaidia, na nilijua kwa nini: nilimfundisha nusu, naye akaitumia hiyo nusu vizuri. Kwa hiyo nikamwalika maabara. Alikuja Embu mjini amevaa gauni la Jumapili na kofia, akasalimia kila mtu kuanzia bawabu, akamuuliza mhadhiri wangu kama mimi ni msumbufu hapa pia. Mhadhiri alimshika mkono kwa mikono miwili, kama mtu aliyepata ndugu.

Nikamweka mbele ya hadubini. Ilimchukua muda kujua jicho lipi afumbe. Kisha akatulia.

"Hizi zimelala vizuri," akasema. "Kama watu wa kanisa."

Nikabadilisha kisahani. Alitazama muda mrefu zaidi.

"Na hizi zina wazimu gani?"

"Ni seli zilezile, Madam. Za mbuzi mmoja. Nusu niliweka kule, nusu hapa."

"Mbuzi mgonjwa?"

"Mzima."

"Na hapa hakuna ugonjwa."

"Hakuna. Nimeosha mpaka hakuna seli hata moja ya mbuzi wa kwanza. Ni wavu tu. Wavu wa lile pafu la uzi."

Hakuondoa jicho. "Kwa hivyo hizi ni watoto wazuri. Wamewekwa kwa nyumba imekakamaa, na nyumba ndiyo imewafundisha."

"Ndivyo inavyoonekana."

"Na wakishafundishwa, wanaongeza kukakamaa."

"Ndiyo. Halafu wanaokuja baadaye wanakuta mbaya zaidi."

Mtu mmoja alikuwa akiosha chupa kwenye karo nyuma yetu, nikasikia maji yakifungwa. Mkaguzi akainuka, akaniangalia usoni.

"Na zangu mpya?"

Ningeweza kumtisha hapo. Nilikuwa nimemleta kwa nauli ya safari nzima ili nimtishe. Lakini alikuwa mtu aliyesema "sijui" mbele ya wachinjaji wote, na sikuweza kumpa chini ya hapo. "Sijui, Madam. Hizi ni za mbuzi na ziko kwenye kisahani. Zako hakuna aliyeziona."

"Ngai! Miaka yote unajua kila kitu, leo ndiyo umechagua kutojua."

Akavaa kofia yake. Njiani kwenda stendi aliongea juu ya bei ya ndengu, juu ya mchungaji mpya, juu ya kila kitu isipokuwa hicho. Akaondoka. Miezi ikapita. Nilimpigia simu mara kwa mara, akanijibu kwa mizaha, na kila nilipotaja hospitali, mtandao ulipotea. Mtandao wa Ishiara si mbaya kiasi hicho.

Nilimaliza masomo, nikapata kazi ya maabara katika hospitali moja mjini Meru. Asubuhi moja nikiwa natoka kuchukua sampuli nilimkuta kwenye benchi la wanaosubiri, gauni la Jumapili, kofia, chupa ya chai kando, kana kwamba amekuja sherehe.

"Muga," akanisalimu kwa Kimeru chake kibovu.

"Madam! Umepita hospitali ngapi kufika hapa?"

"Zote. Embu wote wananijua. Nikionekana kwa foleni, kesho yule wa kofia nyekundu anaanza kujikagulia nyama."

Alikuwa ameshapigwa picha, ameshapuliza ule mrija wa kupima pumzi, na alikuwa anasubiri kuitwa. Aliniomba niingie naye. Daktari alikuwa kijana, labda ananizidi miaka mitano, mwenye sauti ya upole. Alionyesha kwa kalamu: kwenye sehemu ya chini ya mapafu yote mawili kulikuwa na makovu. Si mengi. Pumzi imepungua kiasi.

"Yanaweza kulainika tena?" Mkaguzi akauliza.

"Mama, yaliyokakamaa siwezi kukuahidi. Ninachotaka ni yasiongezeke. Unapikia nini?"

"Kuni."

"Jiko lina dirisha?"

Mkaguzi alinitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyeuliza. "Halina."

"Basi tuanzie hapo. Dawa nitakupa, na utarudi tupime tena. Lakini ukirudi kwenye moshi uleule, mimi na dawa yangu tutakuwa tunajaza gunia lililotoboka."

Tulirudi kwenye benchi. Aliinua picha ya kifua chake kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akasogeza kidole chini upande wa kulia, kisha wa kushoto. Hakukuwa na cha kubonyeza, ilikuwa plastiki tu.

"Wewe unaonaje? Yatasimama hapo?"

"Yanaweza. Sina hakika."

"Ningekuwa mbuzi ungesema una hakika."

"Ungekuwa mbuzi ungekuwa umeshatupwa na wewe mwenyewe."

Akacheka, akakohoa, akangoja kikohozi kipite. Akatoa simu, akaishika mbali na uso kama wafanyavyo watu wa rika lake, akaongea kwa sauti ambayo ingefika Runyenjes bila mtambo.

"Uko nyumbani? Eeh. Chukua jembe uende jikoni. Toa ukuta wa upande wa barabara."

Sauti ya mwanawe ikatoka ndogo, yenye mshangao. Alitaka kujua kutoa vipi.

"Kutoa ni kutoa! Wote. Kutoka juu mpaka magotini."

"Na mbegu, mama?"

"Mbegu tutatia jivu. Watu wa Tharaka hutia jivu na hawajafa."

"Mvua ikinyesha je?"

"Itanyeshea sufuria, si mimi. Na ile redio uitoe juu ya gesi."

"Si tungojee urudi kesho tuongee?"

"Nikifika kesho nitaingia jikoni nione ukuta umekaa vizuri, nibadilishe nia. Najijua. Nataka nikishuka kwa boda boda nione mafiga yangu kutoka barabarani. Usikate simu. Weka hapo chini nisikie."

Tukasikia simu ikiwekwa juu ya kitu. Tukasikia kuku. Kisha, mbali, jembe likapiga udongo, mara moja, mara ya pili, na kitu kizito kikaanguka.

"Chini zaidi!" Mkaguzi akapiga kelele kwenye simu. "Hiyo ni ya kupitisha panya!"

Benchi zima lilikuwa limeacha kujifanya halisikii. Mzee mmoja mwenye bakora, aliyeketi upande wake wa pili, akainama mbele kwa wasiwasi akauliza ni nyumba ya nani inayobomolewa.

"Yangu," Mkaguzi akasema, akafungua chupa, akammiminia chai.